Mbuzi wa Mama Guyo

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani. Ni asubuhi niliyomchinja mbuzi wa jirani yangu, nikapika supu, nikagawa nyama, kisha nikakaa mlangoni nikijiona kijana mwenye akili kuliko wote katika mtaa wetu hapa Isiolo. Sikumwiba mbuzi huyo. Ningemwiba, angalau ningekuwa na sifa ya ujanja. Mwenyewe ndiye aliyemleta mpaka kwangu, mchana kweupe, kwa moyo safi. Kosa langu ni kwamba sikuuliza ameletwa afanye nini.

Naandika haya kwa sababu ya jambo dogo la wiki iliyopita. Yule dada wa afya anayepita nyumba kwa nyumba alisimama pale langoni akamuuliza Nkatha, mke wa mwanangu, ambaye ndiye anayenitunza tangu miguu hii igome, kama kuna msaada wowote anaouhitaji. Nkatha alikuwa na beseni la nguo zangu mkononi na usingizi machoni. Akajibu, "Tuko sawa." Dada akaenda zake. Mimi huku ndani nikacheka peke yangu, kwa maana maneno hayo ni yangu. Niliyatumia sana miaka ya vita vya Shifta, vile vya huku kaskazini mara baada ya uhuru, na yalikaribia kuninyang'anya mama yangu. Kwa hiyo weka hilo beseni chini, Nkatha, uketi. Na wewe mwingine unayesoma, uliye na mama au baba au mtoto wa kumgeuza kitandani, keti pia. Hadithi ni ndefu kidogo lakini ina nyama ndani yake.

Miaka ile nilikuwa nimemaliza sekondari karibuni, jambo ambalo sikumruhusu mtu yeyote alisahau. Kalamu ilikaa mfukoni mwa shati hata nikienda chooni. Wenzangu niliosoma nao walikwenda Nairobi, wengine wakaingia jeshini. Mimi sikwenda popote. Nilipenda nyumbani, nilipenda kiti changu, chai yangu, na kelele za majirani mradi ziwe upande wa pili wa ukuta. Nikapata kazi ya ukarani katika ghala la ngozi la Mzee Abdi, mfanyabiashara wa Kisomali, karibu kabisa na kwetu, nikaridhika. Watu waliuliza kwa nini msomi anashinda akinusa ngozi mbichi. Niliwajibu kwamba pua huzoea, lakini kitanda cha ugenini sijawahi kukizoea.

Baba yangu alikuwa Mmeru aliyeshuka kutoka milimani kuuza miraa, na alikuwa amekwisha kufariki na kuzikwa hapa hapa mjini. Dada yangu Kananu aliolewa huko juu. Nyumbani tulibaki wawili, mama na mimi, katika nyumba ya udongo na mabati ambayo mama aliipaka chokaa kwa mikono yake mwenyewe, upande ule ambao siku hizi mnauita Wabera.

Ukisikia Shifta usifikirie risasi peke yake. Kwetu mjini vita vilikuwa zaidi ni vitu vinavyokosekana. Wafugaji walikusanywa katika manyatta zenye ulinzi, wakazuiwa kuhama na mifugo walivyozoea. Mifugo mingi ikafa, mingine ikachukuliwa, na wale akina mama waliokuwa wakileta maziwa sokoni asubuhi hawakuonekana tena. Jua likizama kila mtu alikuwa ndani kwa sababu ya kafyu. Kwenda milimani, magari yalisubiriana yaende pamoja, askari mbele. Chai tuliinywa nyeusi, tukaambiana kwamba ni nzuri kwa tumbo.

Ndipo mama akapata kiharusi. Alikuwa akichagua maharagwe uani, nikasikia ungo umeanguka. Upande wake wa kulia ukalala, mdomo ukaenda kando, maneno yakawa mazito. Dresa wa zahanati alikuja akasema apewe chakula laini chenye maziwa, ageuzwe mara kwa mara asipate vidonda, aogeshwe kila siku, mkono unyooshwe. Aliyasema hayo kama mtu anayetuma mtoto dukani. Nami nikaitikia kila neno: sawa, sawa.

Kumgeuza niliweza. Kupika niliweza, kwa maana ya kwamba hakuna aliyekufa. Lakini kuogesha, mwanangu. Kwetu mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, ila mimi sikuthubutu na yeye asingekubali. Nilimfuta uso, mikono na nyayo kwa kitambaa, na kuhusu kwingine kote tukanyamaza, yeye na mimi. Mwanamke aliyezoea kufua shuka mpaka jua likiziangaza unafumba macho, sasa alilala pale akigeuzia uso ukutani kila nilipoingia. Nilijua sababu. Nilijifanya sijui.

Na usidhani msaada haukuwepo. Hilo ndilo linalonichekesha uzeeni. Akina mama wa kanisa walikuja, wakiongozwa na Mama Ekal, jirani yetu Mturkana mwenye sauti ya kumwita mbuzi aliye mlima wa pili. Wakasimama langoni wakauliza tunahitaji nini. Nikaiwaza nyumba ilivyo, vyombo vilivyo, harufu ilivyo. Nikasema tuko sawa. Chifu alikuwa akigawa posho ya unga kwa nyumba zenye shida. Nikasema moyoni kwamba posho ni ya watu wasio na kitu, na mimi nina kalamu. Mzee Abdi aliniuliza kwa nini nachelewa kazini na kusinzia juu ya ngozi. Nikamwambia jino linaniuma. Jino hilo, mwanangu, liliuma kuliko jino lolote lililowahi kuota katika wilaya hii.

Kananu naye alituma neno kwa dereva wa lori la miraa: kama nimeshindwa, mama apelekwe kwake. Nilipomweleza mama, alinishika kwa ule mkono wake mzima, akahangaika na mdomo, akatoa neno moja. "Hapa." Alitaka kukaa hapa, kwenye nyumba aliyoipaka chokaa, karibu na kaburi la mume wake. Nikamwahidi kwamba hataondoka. Nilikuwa hodari wa kuahidi.

Sasa nikujulishe kwa Mama Guyo. Alikuwa Mborana, Mwislamu, nyumba yake ikipakana na yetu, ua wa miiba katikati. Mume wake alibaki na mifugo upande wa Merti, na tangu watu wakusanywe hakupata ruhusa ya kuja mjini. Mama Guyo alibaki na mbuzi wachache tu katika zizi dogo kando ya jiko, akiwatazama kama wewe unavyoitazama simu yako. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake alikikata kifupi kama mtu anayepasua kuni. Aliniona kila siku nikirudi bila chupa ya maziwa. Hakuniuliza kitu.

Asubuhi ile niliyokutajia mwanzoni akaja akivuta mbuzi kwa kamba. Akasema salaam aleikum, akamfunga mbuzi kwenye kigingi cha uani kwetu, akanyoosha kidole kuelekea chumba cha mama. "Hii ya mama. Apate nguvu." Akaondoka.

Lazima unielewe kidogo kabla hujanicheka. Kwetu Wameru, mtu akiugua au mwanamke akijifungua, anayempenda humletea mbuzi achinjwe apate supu. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Ya mama, apate nguvu: mimi nilisikia sufuria ikichemka. Nikamzunguka yule mbuzi nikimkagua. Chini ya tumbo, kati ya miguu ya nyuma, alikuwa amejaa, amening'inia vizuri. Nikasema, huyu amenona kwelikweli. Na kumbuka biolojia nilifaulu. Niliweza kuchora moyo wa chura na kuandika jina la kila mshipa. Kiwele cha mbuzi hakikuwa kwenye mtihani.

Tena nilijiona mtu wa busara, maana nilitaka kumpelekea Mama Guyo paja kwa heshima, nikakumbuka kwamba hali nyama iliyochinjwa na yeyote tu. Nikamwita mchinjaji Mwislamu wa mtaa wa nyuma ili nyama iwe halali. Mchinjaji akampapasa mbuzi, akasita, akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu huyu yuko na maziwa. Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu mkuu kwamba nyama ya mbuzi mwenye maziwa huwa laini zaidi. Sijui nililitoa wapi jambo hilo. Akanitazama usoni, akaitazama kalamu mfukoni, akakinoa kisu chake.

Supu ilitoka nzuri, nisiseme uongo. Mama alikunywa kijiko baada ya kijiko, na vipande nikavipeleka hata kwa Mama Ekal, yule yule niliyemfukuza langoni kwa adabu. Mchana nikaliweka paja kwenye sahani ya bati yenye maua, nikalifunika kwa kitambaa safi, nikatoka kumpelekea mwenye mbuzi.

Tukakutana langoni. Mimi nina sahani. Yeye ana kitoto cha mbuzi kwapani, kinalia. Alikuwa amekileta kinyonye.

Alitazama kigingi. Kamba ilikuwa pale pale, imelala chini. Akanitazama mimi.

"Mama yake iko wapi?"

Niliitazama sahani. Naye akaitazama sahani.

Nilikuja kuelezwa baadaye kile ambacho kila mtoto wa Kiborana anakijua kabla hajaota meno. Kwao, nyumba ikikosa maziwa, mwenye mnyama humtoa akakae kwenye nyumba hiyo. Maziwa ni ya mwenye shida, mnyama anabaki wa mwenyewe, na shida ikiisha anarudi na kitoto chake. Hakuna anayeona aibu kupokea, kwa sababu kesho anaweza kuwa yeye anayetoa. Yule mbuzi alikuwa maziwa ya mama yangu kwa msimu mzima, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Mimi nilimmaliza kabla ya saa saba mchana.

Mama Guyo aliketi juu ya jiwe la pale langoni, akavuta mtandio wake mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa akilia au akicheka. Nadhani alianza na moja akamalizia na lingine. Halafu akainuka, akaondoka na kitoto chake kwapani. Paja sikuthubutu kumpa wala kulila. Alasiri nzima kitoto kililia ng'ambo ya ua, na mama, ambaye mwili tu ndio uliolala lakini akili ilikuwa macho, alinitazama kwa jicho linalouliza. Nikamwambia ni mbuzi tu analia. Hapo angalau nilisema kweli.

Baada ya hapo aibu ikaniingia mwilini kama malaria. Nilikwenda kazini kwa kupitia nyuma ya maghala nisimwone Mama Guyo. Nikarudi kwa njia hiyo hiyo. Kisha nikafanya jambo baya kuliko la mbuzi: nikamtumia Kananu neno kwa dereva wa lori kwamba aje Jumamosi amchukue mama. Nilijipa sababu nzuri. Huko milimani kuna maziwa. Kuna wanawake wa kumwogesha. Baridi si kitu, atafunikwa. Ukweli, mwanangu, ni kwamba niliona rahisi kumtoa mama yangu nyumbani kwake kuliko kusimama mbele ya watu niseme nimeshindwa peke yangu. Nilipomwambia, hakulia. Aligeukia ukuta wake, na safari hii hakugeuka tena hata nilipomletea chakula.

Dereva wa lori hakuwa mtu wa siri. Kufikia siku iliyofuata mtaa mzima ulijua.

Ijumaa baada ya swala, Mama Guyo akaja tena. Hakusimama langoni. Aliingia moja kwa moja uani akiwa na mbuzi mwingine, mweusi mwenye sikio lililokatika ncha, na kitoto chake kikimfuata nyuma. Alikuwa amekwenda kwa wazee wa ukoo wake walioko mjini akawaeleza kila kitu, na nilisikia kwamba mzee mmoja alicheka mpaka akaomba maji. Walipomaliza kucheka walitazama jambo lenyewe. Mgonjwa bado yuko, maziwa bado hana. Basi atolewe mbuzi mwingine, na mzee yule yule aliyeomba maji akamtoa wa kwake. Ujinga wangu uliwaburudisha, lakini hawakuona kwamba ni sababu ya mama yangu kukosa.

Akanipa kamba mkononi, akaniambia maneno fulani, mafupi kama kawaida yake. Nitakwambia mwishoni, kwa sababu nikikwambia sasa utacheka na hutasikia yaliyobaki.

Kisha akanisukuma kando akaingia kwa mama. Akatoka upesi. Hakunitazama. Alisimama kwenye ua akamwita Mama Ekal, naye Mama Ekal akaja na ndoo, sabuni, na ile sauti yake. Mimi nikatolewa nje ya nyumba yangu mwenyewe, nikabaki uani nimeshika mbuzi. Nikawasikia ndani. Maji yakimwagika kwenye beseni. Mama Ekal akimtania mama kwamba ana mgongo wa msichana, ndiyo maana anauficha. Mama Guyo akicheka kwa pua. Huko nje watu wao, Waborana na Waturkana, walikuwa wakinyang'anyana malisho na visima upande wa Kipsing na Oldonyiro, na humo ndani walikuwa wamemshika mama mmoja wa Kimeru, huyu kichwa, yule miguu. Halafu nikamsikia mama analia. Si kilio cha uchungu. Ni kama cha mtu aliyetembea na mzigo mbali sana na sasa amesaidiwa kuutua.

Mama Ekal alipotoka alikausha mikono kwenye shati langu, kwa makusudi. "Wewe Kirimi, sisi wa kanisa tunakuja kila asubuhi. Na ukisema tena muko sawa, tutakuosha wewe."

Sikusema tuko sawa.

Jioni hiyo kabla ya kafyu nilikwenda kwa chifu. Nilivaa kofia ya marehemu baba, nikaishusha mpaka kwenye nyusi, nikasimama kwenye foleni ya posho nikiomba nisijulikane. Mtu wa mbele yangu akageuka: alikuwa mzee wa kanisa letu, naye amevaa kofia. Tukaamkiana kwa heshima kubwa, kila mmoja akijifanya amepita tu. Zamu yangu ilipofika chifu aliuliza nani mgonjwa nyumbani. Nikamweleza. Akasema nyumba yenye mtu asiyetoka kitandani ina fungu lake, na pia kuna maziwa ya unga ya watoto na wagonjwa kule misheni, na kwamba alishangaa muda wote huo kwa nini sikuja. Nilisema sikujua. Akaniuliza kama shuleni walitukataza kuuliza maswali.

Asubuhi yake, Jumamosi, nikaenda kwa Mzee Abdi. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ngozi alizokuwa akizipanga, kama jino limepona. Nikasema si jino, ni mama. Akasema anajua ni mama. Mji huu ni mdogo na mimi sijui kudanganya. Alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe, kwa sababu mtu hawezi kuingiza mkono kwenye shida ambayo mwenyewe anasema haipo. Tukakubaliana nifanye kazi wakati akina mama wa kanisa wako nyumbani, na adhuhuri nirudi. Yaliyobaki nitayamaliza siku mama akiwa na watu. Mshahara ulipungua kidogo, si sana. Kisha akachagua ngozi moja ya kondoo, laini, yenye manyoya yake, akaniwekea begani. Ya kulalia mama, alisema, ili mgongo usichubuke. Safari hii niliuliza mara mbili kama kweli ni ya kulalia.

Nilirudi mbio kwa sababu mbuzi alikuwa bado hajakamuliwa na lori la Kananu lilikuwa njiani. Sasa, kukamua. Mama Guyo alikuwa amenionyesha mara moja, haraka. Nilichuchumaa, nikashika, nikavuta kama mtu anayepiga kengele. Mbuzi akanikanyaga mguu. Nikahamia upande wa pili, naye akahama. Tone moja likaingia kwenye kikombe na mengine kwenye sikio langu. Akina mama wa kanisa walikuwa wamemtoa mama nje, wamemkalisha kwenye ile ngozi ya kondoo ameegemea ukuta, ameoga, amepakwa mafuta, leso safi kichwani. Nikasikia mlio kama wa mtu anayepaliwa. Nikageuka kwa hofu. Mama alikuwa anacheka. Nusu moja ya uso ilikuwa inacheka na nusu nyingine inajaribu kuifuata.

Hivyo ndivyo Kananu alivyotukuta. Alishuka kwenye lori na blanketi mbili na uso wa vita, tayari kunigombeza mbele ya mtaa mzima. Akasimama langoni. Akamwona mama, akamwona mbuzi, akaniona mimi na maziwa masikioni. Uso wa vita ukavunjika. Akapiga magoti mbele ya mama akamuuliza kama anataka kwenda au kukaa, na mama akasema lile neno lake, mara hii bila taabu nyingi.

Kananu aliondoka na lori bila mama. Ila hakuondoka bila wajibu, la hasha, nami sikumwachilia. Tulikubaliana, na tangu hapo kila lori la miraa liliposhuka lilikuwa na ndizi, viazi vikuu au maharagwe yetu nyuma ya kiti cha dereva, na kila baada ya mavuno alikuja mwenyewe akakaa na mama ili mimi nilale usingizi wa mtu mzima. Mama aliishi mpaka vita vikaisha na baada ya hapo. Alijifunza kutembea kwa fimbo hadi langoni, akawa anakaa kwenye lile jiwe akipiga soga na Mama Guyo, kila mmoja na lugha yake, wakielewana kabisa, hasa wanaponisema. Alikufa kitandani kwake na amelala pale alipotaka kulala. Mbuzi mwenye sikio lililokatika alirudi kwa mzee wake na vitoto vyake, mnene kuliko alivyokuja. Nilimsindikiza mwenyewe, na sitakuficha, nilimkumbuka sana.

Sasa, mwanangu, nikuambie ninachotaka ukumbuke.

Mtu akikuuliza unahitaji nini, mwambie. Mwambie jambo lenyewe: nahitaji mtu wa kukaa na mzee ili nilale, nahitaji anayejua kumgeuza, nahitaji sabuni. Watu wengi wana moyo ila hawajui mlango, na wewe ndiye unayeufunga kwa maneno mawili ya adabu. Na ukipewa kitu, uliza ni cha kufanya nini. Hata kama una kalamu.

Usimdanganye mwajiri kwamba jino linauma. Si wote walio kama Mzee Abdi, najua, lakini asiyejua shida yako hawezi hata kujaribu. Ndugu zako nao wasikutumie pole peke yake. Wapangie zamu, na asiyeweza kuja alete ndizi. Kumtunza mgonjwa ni kazi, ingawa hailipwi mwisho wa mwezi, na mtu wa kazi hupumzika.

Halafu nenda kwa chifu. Siku hizi kuna pesa ya wazee. Kuna pia ya wale wenye ulemavu mkubwa, ambayo mlezi anaweza kupokea kwa niaba ya mgonjwa. Kuna mambo ya bima ya matibabu. Mimi masharti yake yote siyajui, na yale niliyoyajua pengine yamebadilika. Ndiyo maana kuna ofisi ya chifu na ya ustawi wa jamii, na yule dada wa afya anayepita na begi lake. Ukiambiwa rudi kesho, rudi. Kofia ya baba yangu bado iko, ukiona haya nitakuazima. Utakuta kwenye foleni watu unaowaheshimu.

Wewe Nkatha, dada wa afya atapita tena Jumatatu. Nimeshamtumia salamu mimi mwenyewe kwa simu, kwamba hatuko sawa. Tuko vizuri, tunacheka, tunakula, lakini mgongo wako unauma na mimi si mwepesi. Msikilize, na umwambie.

Mungu akupe nguvu za mikono na usingizi mtamu. Akupe mgonjwa asiyekununia, na ukiwa mgonjwa wewe, akupe mtu wa kukugeuza kwa upole. Asikuache peke yako ndani ya nyumba yenye mlango uliofungwa kwa heshima. Na akujalie jirani kama yule aliyenikabidhi kamba ya mbuzi wa pili, siku ambayo mimi ningekuwa yeye nisingetoa hata mkia, akanitazama kuanzia viatu mpaka kalamu, akasema:

"Hii ya kukamua. Wewe ukisikia njaa, kula kitabu yako."